Kimya cha Alasiri

Sura ya Sita

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujakata shauri la kuondoka. Ulilala juu ya maji, ukaingia karakanani bila hodi, ukazizungukia mashine moja baada ya moja mithili ya mgeni atafutaye pa kuketi. Boti ya kuvushia abiria ilikuwa imepandishwa juu ya reli, tumbo lake likidondosha maji, jina lake ubavuni limekwisha kuliwa na jua hata zikabaki herufi tatu zisizosomeka. Kando yake palikuwa na meza ya mbao iliyotandikwa gunia safi, na juu ya gunia kitu kimoja tu: tabo ya injini, yule konokono wa chuma ambaye upande mmoja huzungushwa na moshi utokao, na upande wa pili huisindilia injini hewa ili ipate nguvu ya kupambana na mkondo.

Mkaguzi wa ajali za majini aliizunguka meza ile pasi na kuigusa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye ushungi wa kijivu, na kifuani alining'iniza kioo cha kukuzia kwa uzi mweusi. Kwa ajili ya kioo hicho watu walimwita Darubini, naye alilijua jina hilo wala hakulikasirikia. Kabla ya kuingia katika kazi ya upelelezi alikuwa ameishi miaka mingi katika vyumba vya injini, na mpaka leo akiingia mahali huanza kunusa kabla ya kutazama.

"Mama mkaguzi, sioni tunachokitafuta," alisema mwenye boti. Watu walimwita Tajiri, ingawa utajiri wake wote ulikuwa boti hii moja na kitambi. "Mhalifu tunaye, na silaha yake tunayo."

"Aliyeko mahabusu ni mtuhumiwa, Tajiri. Uhalifu wake haujazaliwa bado."

"Basi leo ni siku ya kuuzalisha."

Ajali yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia na nzito kuibeba. Boti ikiwa katikati ya maji, imejaa abiria, injini ilitoa moshi mweusi ikaishiwa nguvu. Mkondo ukaichukua, ukaibamiza kwenye nguzo ya daraja. Hakufa mtu, alhamdulillahi, walakini mwalimu mmoja wa kike alivunjika paja, na mji mzima ukataka kumjua wa kulaumiwa. Fundi wa injini alikuwa ndani tangu jioni ile. Kesho faili lake lilikuwa linakwenda kwa hakimu, na kilichongojwa ni taarifa ya Darubini. Akiandika hujuma, kijana yule angeingia jela na kutoka akiwa na mvi.

"Onyesheni hiyo silaha," alisema Darubini.

Koplo aliyekuwa akilinda vielelezo alitoa kimfuko cha nailoni. Ndani yake mlikuwa na nati ndogo inayong'aa.

"Imeokotwa mbele ya macho yangu," alisema Tajiri, "ndani ya mpira wa hewa, kabla tu ya kuingia kwenye tabo. Na mbele ya mpira ule kuna filta. Nati haina mbawa, mama. Aliyeitia ni yule afunguaye filta, na afunguaye filta ni fundi peke yake. Na siku chache kabla ya hapo alinitamkia mbele ya abiria, 'Boti hii itakuja kukutia adabu.' Nina mashahidi."

"Alikuwa akidai nini?"

"Ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

Tajiri alijikuna shingo. "Ya kuisimamisha boti. Alisema inapiga mluzi."

Darubini alikivuta kioo chake, akainamia mdomo wa tabo, mahali feni ndogo ya kuvutia hewa ilipokaa. Alitazama muda mrefu hata ukungu ukapata nafasi ya kumzunguka mabegani.

"Koplo, njoo. Feni hii ikiwa kazini huzunguka kuliko upepo wa kimbunga. Kitu kigumu kikiingia kutoka mbele, kitakutana na nini kwanza?"

"Na ncha za mbele, afande."

"Zitazame."

Koplo aliinama, akabana jicho moja. "Ziko salama. Zimepangika kama meno mapya."

"Na kingo za pembeni, zinazoelekea ukuta?"

"Hizo zimelika. Zimesuguliwa hata ukuta wenyewe umechorwa pete."

"Naam. Feni haikupigwa na kitu. Ilipepesuka, ikawa inajisugua ukutani. Huo ndio mluzi aliousikia fundi." Aliijaribu shafti, mhimili wa feni, kwa vidole, haikuzunguka. Ilikuwa imeshikana kama bawaba yenye kutu. "Sasa nipe bolti yoyote ya saizi ya nati hii."

Koplo alichagua moja katika trei. Darubini aliizungusha nati, ikakataa kuingia. Akajaribu bolti ya pili, ikakataa vilevile.

"Imeharibika njia za ndani," alisema Tajiri.

"Tuseme hivyo." Aliipeleka nati kwenye ncha ya shafti iliyojitokeza katikati ya feni, ncha iliyokuwa wazi kama kichwa kilichovuliwa kofia, akaanza kuizungusha kinyume, kwa kushoto. Nati ikaingia taratibu, laini, mpaka ikaketi mahali pake.

Koplo alishusha pumzi. Tajiri alikuwa ameacha mkono wake shingoni.

"Hii ni nati ya tabo yenyewe," Darubini alisema. "Hufungwa kwa kushoto ili mzunguko uzidi kuibana. Shafti iliposhikwa ghafla, feni ilikuwa bado inataka kuendelea na safari. Ikaizungusha nati yake, nati ikajifungua, ikadondokea kwenye tumbo la mpira. Upepo wa kuinyanyua ulikuwa umekwisha kufa. Ndiyo maana haina hata mkwaruzo."

"Au ameilegeza yeye mapema!"

"Kisha boti ikafika katikati ya maji bila nati? Tajiri, hata uongo unataka nati ya kuushika."

Koplo alikohoa ili asicheke.

"Basi ni uzembe!" Tajiri hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kwa goli moja. "Hakubadilisha oili. Uzembe nao una sheria yake."

"Una sheria yake, ndiyo." Darubini alikuwa amekwisha kuivuta oili ya injini kwa kijiti tangu alipofika, ilikuwa safi, na filta yake ilikuwa mpya. Sasa alichukua spana, akalifungua lile bomba jembamba linaloiteremshia tabo oili, akaweka mdomo wake upande mmoja na kupuliza. Mashavu yalimjaa. Upande wa pili haukutoka upepo hata wa kuzima kibiriti. Alilielekeza bomba kwenye mwanga wa mlango, akatazama ndani kwa kioo, kisha kwa msumari mwembamba akachokoa. Kikadondoka kipande cheusi, kigumu, kilichokatika kama ukoko wa chini ya sufuria.

"Oili haikuwa chafu," alisema. "Imepikwa."

"Nani anapika oili?" aliuliza Koplo.

"Injini ikitoka kazini mbio, tabo huwa nyekundu kama mkaa. Oili ndiyo inayopita ikiipoza. Ukiizima injini hapo hapo, oili husimama, na ile iliyomo ndani huungua ikaganda. Siku moja si kitu. Ukizoea, hujenga ukoko. Ukoko huziba njia. Beringi zinazoishikilia shafti hukosa oili, shafti hupepesuka, na mwisho wake ni huu. Tiba yake ni ndogo: iachwe ingurume polepole kwa dakika chache kabla ya kuzimwa."

"Na anayezima ni nani?"

"Nahodha. Lakini fundi ndiye anayepaswa kumwonya. Ikiwa hakumwonya, Tajiri amesema kweli."

Tajiri aliirekebisha kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kuambiwa huenda amesema kweli, na hakujua aiweke wapi furaha hiyo.

*

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na dirisha dogo lililo juu, na mwanga uliopita hapo ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyozidiwa maji. Fundi aliingizwa, akaketi, akaviweka viganja vyake mezani. Ilikuwa mikono safi, ila mistari ya viganja ilikuwa myeusi, weusi ule usiotoka kwa sabuni.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Nimeifungua tabo yako."

Fundi aliinua macho. "Na ile nati?"

"Ni yake yenyewe. Neno la hujuma limekwisha."

"Alhamdulillahi." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo mmoja akikumbuka kwamba upo wa pili.

"Lakini bomba la oili limeziba ukoko."

Macho yakarudi mezani.

"Injini ilikuwa ikizimwa ingali ya moto?"

Kimya.

"Nahodha ndiye azimaye. Ulimwonya?"

Nje ya dirisha njiwa alitua, akatembea kidogo ukingoni, akaruka.

"Ukinyamaza nitaandika kwamba hukumwonya. Uzembe uliomvunja mtu paja una jela yake. Wajua?"

"Najua, mama."

"Nahodha ni nduguyo?"

"Hapana."

"Anakutisha?"

Kwa mara ya kwanza fundi alitabasamu. "Nahodha? Yule hata akimkanyaga panya mkia, humwomba radhi."

"Basi wamsitiri nani?"

Kijana aliugeuzia uso wake mwanga wa dirishani. Darubini alimngoja. Alikuwa na desturi ya kungoja hata kimya cha mtu kikachoka chenyewe. Cha huyu hakikuchoka. Alipoanza kufunga jalada lake, ndipo fundi alipofumbua kinywa.

"Mama, ukirudi gatini, naomba umtazame mzee wangu. Niliondoka akiwa na kikohozi. Nataka kujua tu kama sauti imerudi."

"Sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee wako hufanya kazi gani?"

"Ni mzee tu, mama. Amestaafu dunia."

Darubini aliinuka. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, akiligeuza neno lile kama alivyoigeuza nati. Mtu afungwaye huuliza kama baba mgonjwa amepona, kama amekula, kama analala. Huyu aliulizia sauti.

*

Gatini, mkata tiketi alikuwa ndani ya kibanda chake cha mabati akimenya chungwa. Hapakuwa na boti, kwa hiyo hapakuwa na tiketi, lakini alikuwa amekuja kazini na kufunga kilemba chake cha kazi.

"Dada, boti haipo," alisema bila kuinua kichwa. "Ukiwa na haraka, jifunze kuogelea."

Darubini alimwonyesha kitambulisho.

"Aa, shoga yangu! Kumbe wewe ndiye Darubini? Nilidhani una jicho moja kubwa."

"Nina mawili ya kawaida. Wewe masikio yako je? Uliusikia mluzi?"

"Nani hakuusikia? Ilikuwa inalia kama birika. Maskini fundi akamwambia Tajiri, 'Bosi, inaumwa.' Tajiri akamjibu, 'Ikilia ndiyo inafanya kazi, siku ikinyamaza nitakuita.' Basi imenyamaza, na aliyeitwa ni yeye fundi."

"Ikifika hapa gatini huzimwa vipi?"

"Inategemea safari. Za asubuhi hunguruma hapo mpaka tunagombana nayo. Namwambia abiria nauli, ananijibu wa alaikumu salamu. Ila ya alasiri, hiyo ina adabu zake. Huja mbio kama inafukuzwa, ikigusa gati tu, kimya! Utadhani imechinjwa."

"Kwa nini ya alasiri peke yake?"

Mkata tiketi aliacha kumenya chungwa. Alimtazama Darubini kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa.

"Wewe kaa hapo," alisema. "Muda umekaribia."

Nahodha alikuwa ameketi juu ya nguzo ya kufungia kamba, mwanamume mnene mwenye uso wa mtoto, kofia yake ya mkono ameivuta karibu na nyusi. Darubini alikwenda akasimama kando yake. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka, lakini uliacha ulaini wake kila mahali: majengo ya ng'ambo yalionekana kama yamechorwa kwa kidole, na maji yalipiga gati taratibu, kama mama ampigapigaye mtoto mgongoni.

"Nahodha, ukishaifunga boti, injini huiacha ikinguruma?"

"Kama inavyotakiwa, dada yangu. Dakika chache."

"Kila safari?"

"Kila safari."

"Na ya alasiri?"

Aliivuta kofia chini zaidi. "Ya alasiri ni safari kama nyingine."

Darubini hakumbishia. Aliketi juu ya nguzo ya pili, akatazama.

Nyuma ya gati palikuwa na msikiti mdogo, wenye ngazi za saruji upande wa nje na spika yenye kutu isiyo na waya. Mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe alianza kuzipanda ngazi zile, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila baada ya ngazi. Hakuna aliyetoa amri. Lakini mchomeleaji wa mageti, ng'ambo ya barabara, aliizima mashine yake akaivua miwani. Mkata tiketi aliizima redio. Majini, mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na boti yenye mashine ndogo nyuma aliikata mashine ile mbali kabisa, akaiacha boti ije yenyewe kwa mwendo uliobaki, naye amesimama wima kama mtu aliye usingizini. Kelele ziliondoka moja baada ya moja, kama wageni wanaoaga, mpaka gati lote likabaki na sauti ya maji tu.

Ndipo adhana ilipoinuka. Ilikuwa sauti nyembamba, iliyochakaa, uzi uliochomolewa katika nguo kuukuu. Lakini ulikuwa uzi ulionyooka. Kelele ya pikipiki moja ingetosha kuukata.

Darubini hakumtazama mwadhini. Alikuwa akiutazama mkono wa nahodha. Sauti ile ilipoanza, kidole gumba cha kulia kilishuka peke yake juu ya goti, kikabonyeza, kikabaki pale pale, kama kinavyobonyeza kitufe cha kuzimia injini.

Alingoja mpaka neno la mwisho likaisha kutua juu ya maji.

"Nahodha, yule ni nani?"

"Mwalimu wangu. Ndiye aliyenishika kidole nikaijua alifu." Alikuwa akikitazama kidole chake kwenye goti, naye akakiondoa, amechelewa. "Spika ilikufa zamani. Na sauti yake mwaka huu imepungua."

"Ana watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Yuko wapi?"

Nahodha alijifuta uso kwa kofia yake. "Si umetoka kwake, dada yangu?"

Maji yalipiga gati mara kadhaa.

"Aliniambia," alisema nahodha. "Fundi aliniambia, wallahi. Tena zaidi ya mara moja. 'Nahodha, usiizime ya moto, utaiua.' Nami nilikuwa naifungulia mpaka mwisho ili nifike kabla mzee hajafika juu, maana nikiwa majini bado, ngurumo yangu humfunika. Nikamjibu kijana, 'Wataka niiache ingurume juu ya sauti ya baba yako? Sema neno, nitaiacha.' Akashuka chini kwenye injini yake. Hakuniambia tena."

"Na alipokamatwa?"

"Nilidhani atasema. Kila siku nangoja waje wanichukue. Hawaji. Sikuwa na ujasiri wa kwenda mwenyewe, dada yangu. Nimevuka mawimbi ya kila namna, lakini kile kituo kimenishinda."

"Leo utakivuka," alisema Darubini. "Utaandika uliyoniambia, neno kwa neno, mbele ya Koplo."

"Na leseni yangu?"

"Hiyo si yangu kuiamua. Mimi naandika kilichotokea."

Nahodha aliinuka. Alikaza kofia, akatembea kuelekea barabarani kwa hatua za mtu aliye juu ya boti inayoyumba.

*

Sala ilipokwisha, Darubini alimkuta mwadhini ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akivaa makubadhi yake kwa kupapasa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mkaguzi. Nimeambiwa una macho makali. Basi niambie, kiatu changu cha kushoto kiko wapi?"

"Umekikalia, mzee."

Mwadhini alicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Kilipomwachia alisema, "Mwanangu je?"

"Mzima. Ameulizia sauti yako."

"Sauti yangu?" Mzee alikaa na neno hilo. Vidole vyake viliacha kufunga kiatu. "Binti yangu, mtu aliye kifungoni huulizaje habari za sauti ya mwadhini?"

Darubini alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hili halikuwa miongoni mwao. "Mzee, yako mambo ya injini ambayo..."

"Mimi si fundi, lakini nimezaa fundi. Sema kwa lugha ya watoto."

Akamwambia. Alimweleza juu ya moto, na oili, na ukoko, na injini inayohitaji kupewa muda wa kupumua kabla ya kuzimwa. Hakutaja sababu ya haraka ya nahodha. Haikuhitajika. Mzee aliugeuza uso wake polepole kuelekea gatini, mahali boti ilipokuwa ikifungwa, akaisikiliza nafasi ile tupu.

"Nilikuwa nikidhani," alisema mwishowe, "kwamba Mwenyezi Mungu amenijalia kila alasiri utulivu kidogo kwa uzee wangu. Nikamshukuru. Kumbe ulikuwa ukilipiwa na injini. Na mwanangu akanyamaza kwa ajili yangu. Afadhali afungwe yeye, nisije nikaambiwa adhana yangu imemvunja mwalimu paja."

"Hakuna atakayelisema hilo, mzee. Si kweli."

"Si kila kinyamazacho kina jambo la kuficha, binti yangu. Kingine kina mtu wa kumsitiri." Aliushika ukuta akainuka. "Lakini hawa watoto wangu wawili, mmoja kwa damu na mmoja kwa alifu, wangekuja kuniuliza. Wakati wa alasiri ni mpana. Haraka ilikuwa yao."

*

Jalada lilifungwa kabla ya kufika kwa hakimu, na fundi akaachiwa. Maelezo ya nahodha yaliambatanishwa na taarifa ya Darubini. Leseni ya nahodha ikawekwa katika majaribio, naye akaipokea barua hiyo kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Tajiri alisoma aya iliyohusu ruhusa aliyoinyima ya kuisimamisha boti, akaisoma tena, kisha akaenda mwenyewe kununua tabo mpya, pasi na kuulizwa.

Fundi aliifunga kwa mikono yake. Darubini alisimama kando akikagua. Bomba la oili liliwekwa jipya, gasketi mpya, mpira wa hewa ukasafishwa mpaka ndani. Kabla ya kuunganisha bomba, fundi alimimina oili kidogo katika tundu la juu la tabo, akaizungusha feni kwa kidole, polepole, mpaka kidole kikamwambia kwamba imelowa. Kisha akaizungusha injini bila kuiwasha, hata oili ikatokeza upande wa chini, nyororo na safi.

"Bismillahi," alisema, akawasha.

Hapakuwa na mluzi. Palikuwa na pumzi moja ndefu, ya kiumbe aliyelala vyema.

Walivuka kwenda ng'ambo bila abiria, wakageuza. Nahodha alishika usukani, Darubini amesimama nyuma yake. Mkondo ulikuwa mkali, na injini iliupanda bila kulalamika. Vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka juu ya maji; majengo ya gatini yalikuja yakikua taratibu kutoka katika mwanga wa dhahabu, kama jambo linalokumbukwa. Ilikuwa saa ya alasiri.

Boti iligusa gati. Kidole gumba cha nahodha kilikwenda kwenye kitufe, kikakigusa, kikatulia juu yake. Hakubonyeza. Injini iliendelea kunguruma, polepole, bila mzigo.

Juu ya ngazi za msikiti, mwadhini alikuwa amekwisha kufika. Amesimama ameelekea kibla, mkono wake uko sikioni, na kinywa chake kimefumbwa.

Mchomeleaji alikuwa amezima mashine yake. Mvuvi alikuwa ameacha boti yake ielee. Mkata tiketi alitoa kichwa kibandani.

"Leo nani anamngoja nani?" alinong'ona, na kwake kunong'ona kulisikika gati zima.

Ngurumo ya injini ilienea juu ya maji, na mzee alisimama ndani yake kama mtu aliyesimama mvuani bila haraka ya kujisitiri.

Fundi alipanda kutoka chumba cha injini akijifuta mikono. Alikuwa ameuweka mkono wake karibu na tabo mpaka joto lake lilipopungua. Alitazama juu, akamwona baba yake. Akamwendea nahodha, akakiondoa kidole kile kwa upole, akaweka chake mahali pake, akabonyeza.

Kimya kikashuka. Mzee akavuta pumzi, nao wakaisikia, watu wote wa gatini, kabla ya neno la kwanza.